Mwalimu Sesilia Mageni, Aliyefunika Nusu ya Ukurasa

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Kijiji, walimu mliosafiri kutoka Rwamgasa, ndugu, jamaa na majirani wa hapa Samuye, poleni sana na msiba. Naitwa Pantaleo Mageni, mdogo wa marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo sikustahili kupewa, na sababu yake mtaisikia kabla sijakaa.

Marehemu Sesilia Mageni alizaliwa hapa Samuye tarehe 14 Novemba 1971, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mageni na mama yetu Apolonia, ambaye alitutoka mwaka 1994, na tulizaliwa wawili tu, yeye na mimi. Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari Shinyanga mjini mwaka 1986 hadi 1989, kisha akajiunga na chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1992. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1993, akafundisha katika wilaya yetu hii kwa miaka mitano na nusu, na tarehe 11 Januari 1999 akaripoti Rwamgasa, mkoani Geita, alikofundisha Kiswahili madarasa ya chini mpaka ugonjwa ulipomtoa darasani.

Mwalimu Deusdedit, aliyefundisha chumba cha jirani naye kwa miaka kumi na miwili na ambaye tuko naye hapa, amenieleza kwamba watoto wa kule walitoka majumbani na Kisukuma chao au Kizinza chao, wakajifunza kusoma Kiswahili kwa sauti kubwa, haraka na bila kukwama, lakini ukimwuliza mtoto amesoma nini anakutazama tu. Basi dada alikata kipande cha boksi, akawa anafunika nusu ya chini ya ukurasa, anawauliza watoto nini kitafuata na wamejuaje, na mtoto akishatoa jibu na sababu yake, boksi linaondolewa, wanasoma wenyewe kuona kama wamepatia. Siku moja habari ilianza na baba aliyechukua kamba na tochi akawaaga watoto wake, na darasa zima likasema baba huyo anashuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, kuchimba dhahabu, kwa sababu huko ndiko baba zao wanakokwenda na kamba na tochi, kumbe baba wa kitabuni alikuwa anamtafuta ng'ombe aliyepotea. Sisi wafugaji wa Samuye nadhani tungepatia. Dada hakuwacheka wala hakuwawekea kosa, aliwaambia sababu yao ni nzuri, ila kukisia hakujakamilika mpaka ufungue usome, na mtu akikisia halafu akafunga kitabu, huyo hajasoma kitu. Mwalimu Deusdedit anasema darasa lile lilikuwa na kelele kuliko gulio la Katoro, na mwalimu mkuu alikuja mara nyingi kulalamika, akaishia kukaa dawati la nyuma na kukisia pamoja na watoto.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuolewa. Mwaka 1998 alichumbiwa na mtu ambaye baba alimpenda, ng'ombe wa mahari wakaingia zizini, dada akasema hamtaki, ng'ombe wakatolewa mchana kweupe kijiji kizima kikitazama, na baba kwa aibu ile akamwambia asikanyage tena hapa nyumbani. Ndipo akaomba uhamisho. Hakujaliwa kupata mtoto.

Historia hii, ndugu zangu, nimeiandika mara mbili. Ya kwanza niliiandika Jumanne nikiwa hapahapa, na kuanzia mwaka 1999 niliijaza kwa yale tuliyozoea kuyasema jikoni, kwamba Sesilia amenogewa na Geita, amejenga, ana hela za dhahabu, ana kiburi na hana haja na watu wa pamba na mifugo. Ya pili niliiandika Rwamgasa, siku mbili nilizokaa kule nikisubiri taratibu za kumsafirisha. Hakujenga. Nilikuta chumba kimoja cha kupanga, kitanda, meza iliyojaa madaftari ya kusahihisha, na viti viwili vya plastiki, kimoja kimepauka kwa kukaliwa, cha pili bado kina nailoni ya dukani. Jirani yake, Mama Loveness, aliniambia hivi, nami nimeyaandika kama alivyoyasema: "Kila shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, mwalimu anafua, anapanga begi, analiweka nyuma ya mlango, namwuliza unasafiri lini, ananiambia, Mama Loveness, sijaitwa bado, ila wakiniita nisije nikachelewa basi." Na Januari analifungua, anazirudisha nguo kwenye kamba.

Mwezi Mei 2016 baba, akiwa kitandani, aliniita akaniambia nipande basi niende Rwamgasa, nimwambie Sesilia arudi nyumbani, yamekwisha. Sikwenda. Nilijisemea atakataa tu, kwa kiburi kile nilichomvisha mwenyewe, na kila wiki nilipata sababu nyingine. Baba alifariki tarehe 9 Agosti mwaka ule, dada akaja kumzika, akasimama nyuma kabisa, nyuma ya wanakwaya, kama mgeni, nikamwona na nikasema nitamwambia kesho, na kesho yake alikuwa ameshaondoka. Tangu hapo niliona haya, na haya ikanikalisha miaka tisa.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2021, mwaka jana figo zikaanza kushindwa, akatibiwa Katoro na baadaye Mwanza, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa tatu asubuhi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, aliyemshika mkono akiwa Mama Loveness, si mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake na wanafunzi waliokesha wakiimba, uongozi wa kijiji, parokia, na majirani wa Rwamgasa mliokuwa ndugu zake wakati ndugu zake tulikuwepo. Mama Loveness, wewe sijui nikushukuru vipi, na hapa mbele ya watu nakuomba samahani.

Sesilia, dada yangu, nimekuja mwenyewe kukuchukua, nimekaa kando yako njia nzima kutoka Rwamgasa mpaka hapa, na sikusema neno, kwa hiyo nalisema sasa, mbele ya hawa wote walioona ng'ombe wale wakitoka: baba alisema urudi nyumbani, alisema yamekwisha, alilitaja jina lako. Umefika, dada. Upumzike kwa amani.