Kapteni wa Lifti na Mdogo Wake wa Juu ya Paa

Leo, Ijumaa tarehe thelathini Juni, mwendesha lifti wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Wakurugenzi wamekuja na kuondoka, na wote amewapandisha yeye. Sote tunamwita Kapteni, na wageni hudhani aliwahi kuwa jeshini au melini. Hajawahi kuwa popote. Ni ile kofia yake tu, na namna anavyonyoosha mgongo kwenye kigoda chake, utadhani jengo zima la ghorofa nane linaendeshwa kutoka pale.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu meza yangu ya mapokezi inatazamana na mlango wa lifti. Nimeyaona mengi, yakiwemo ambayo mwenyewe angependa niyasahau. Alipojua kwamba naandika, aliniomba nisimvishe kilemba cha ukoka. Basi, simvishi.

Kapteni wa zamani alikuwa mtu wa kuogopwa. Alikuwa akichapa maji, tena bila simile, na asubuhi harufu iliwahi kufika mapokezi kabla yake. Ulimi wake ulikuwa mkali. Ukimuudhi Jumatatu, mlango wa lifti ulifungwa usoni mwako mpaka atakaposahau, na hakuwa mtu wa kusahau upesi. Karani mmoja wa masjala alithubutu kumwambia kofia yake imechakaa. Alipanda ngazi kwa miguu hadi ghorofa ya saba mpaka suruali zikaanza kumpwaya.

Tena alikuwa na ndugu humu humu jengoni. Wafanyakazi wapya hawajui, lakini fundi wa lifti, yule mpole wa maneno machache anayeshinda kwenye chumba cha mashine juu ya paa, ni mdogo wake wa tumbo moja. Mmoja anaendesha lifti, mwingine anaitengeneza, na kwa miaka mingi walikuwa hawasemeshani. Mama yao alipofariki, Kapteni alitafutwa kila kilabu asipatikane. Alifika makaburini watu wakiwa wameshaanza kukung'uta udongo mikononi, amelewa chakari, akaanza kufoka kwa nini hakusubiriwa. Mdogo wake akasema, mbele ya waombolezaji wote, kwamba kuanzia siku hiyo yeye hana kaka.

Akalishika neno lake. Lifti ikianza kukwaruza, Kapteni alinijia mimi: "Dada, mwambie fundi wako inakwaruza pale ghorofa ya nne." Napiga simu ya ndani, napeleka ujumbe. Kutoka juu najibiwa: "Mwambie dereva wako aache kubamiza mlango." Nikawa mkalimani wa watu wawili wenye lugha moja, tena waliyofundishwa na mama mmoja. Kazi hiyo haikuwemo kwenye mkataba wangu.

Kisha Kapteni akaokoka.

Habari hiyo ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia nikiwa usingizini. Jumapili moja mvua ilimkuta njiani, kichwa kikimgonga kwa ulevi wa jana, akajibanza kwenye mlango wa kanisa dogo. Upepo ukamsukuma ndani. Akakaa benchi la nyuma, akisubiri watu wamhame, maana alishazoea kuhamwa. Mama mmoja wa makamo akasogea kweli, lakini alisogea ili kumpa nafasi. Halafu akamsogezea kitabu cha nyimbo, wakakishika wote wawili, huyu kona hii, yule kona ile. Hakumuuliza anatoka wapi wala kwa nini ananuka. Kapteni anasema siku hiyo hakusikia mahubiri hata neno moja. Alikuwa anakitazama kidole cha yule mama kikifuata mistari ili yeye asipotee. Jumapili iliyofuata alirudi akiwa na akili zake timamu, na tangu hapo pombe na yeye ni mbali mbali.

Kilichofuata mnakijua, hasa ninyi mliokuwepo. Kwanza alizunguka jengo zima akiomba radhi, hadi kwa yule karani wa masjala. Halafu akaanza kuhubiri. Alituambia kwamba mtu aliyepona ugonjwa hawezi kunyamaza akiona wenzake wanaugua na dawa anaijua. Namwamini. Hakuwa akijionyesha, alikuwa na furaha iliyomzidi, na alitaka kila mtu aichote. Tatizo ni kwamba Kapteni alikuwa na kitu ambacho wahubiri wengi wanakikosa, yaani wasikilizaji wasioweza kutoka. Ghorofa ya pili, Ugavi, alitangaza toba. Ghorofa ya tatu, Mipango, alitangaza hukumu. Ukiwa unaenda ghorofa ya nane, ulifika umeshasikia ibada nzima isipokuwa matangazo. Watu wakagundua faida za mazoezi. Mama anayesafisha ngazi alikuja kunilalamikia kwamba tangu ameajiriwa hajawahi kuona ngazi zikichafuka vile.

Hata mimi hakuniacha. Nilimwambia nina dini yangu, nimezaliwa nayo na nimeridhika nayo, akaitikia kwa heshima, kesho yake akaanza upya. Nilimpenda hivyo hivyo. Afadhali kusumbuliwa na mtu anayekutakia mema kuliko kufungiwa mlango.

Siku ya mkasa, ndani ya lifti alikuwemo mhasibu mkuu anayewahi kikao, pamoja na maofisa wengine. Kapteni alikuwa amefika patamu, akieleza kwamba hakuna mtu aliyeharibu kiasi cha kutosameheka, na ghorofa ya sita ikawa inakaribia kabla hajamaliza. Akasimamisha lifti katikati. Hakuona ubaya, alitaka dakika chache tu. Huko juu, fundi akaona mashine imesimama, akajua kuna hitilafu, akateremka hadi juu ya lifti na kufungua kifuniko. Akamsikia kaka yake akihubiri msamaha.

Mhasibu mkuu ndiye aliyenisimulia. Anasema fundi aliangalia, akasema, "Lifti ni nzima. Mbovu ni dereva." Watu wakacheka. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Umeomba radhi mpaka kwa karani wa masjala. Kwangu mimi na kwa mama utakuja lini?" Hapo hakuna aliyecheka. Mhasibu, aliyekuwa amefura kwa hasira, anasema hasira zote zilimwisha akabaki anatazama viatu vyake.

Kapteni aliitwa kwa mkuu wa utawala akaambiwa kwamba akihubiri tena kwenye lifti atahamishiwa getini. Alikubali bila ubishi. Lakini alipokuja kukaa kwenye kiti cha wageni mbele ya meza yangu, kofia mkononi, hakuzungumzia onyo hata kidogo. Aliniambia alikuwa anamwogopa mdogo wake. Sisi wengine tukimkatalia, alisema, bado atalala usingizi. Mdogo wake akimkatalia, hakuna mwingine duniani wa kumwomba radhi kwa ajili ya mama. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: kwamba yule mama wa benchi la nyuma hakumhubiria hata sentensi moja, na yeye amehubiri mpaka watu wanamkimbia.

Saa ya chakula cha mchana akapiga moyo konde. Akaniachia Biblia yake mezani, akapanda. Lifti inaishia ghorofa ya nane. Kutoka hapo kuna ngazi ya chuma, na magoti ya mtu aliyefanya kazi akiwa amekaa hayana mazoea na ngazi. Alimwomba mdogo wake msamaha humo humo kwenye kelele za mashine. Fundi aliendelea kukaza nati. Kapteni akashuka, na kesho yake akapanda tena.

Alipanda msimu mzima wa mvua. Hakuhubiri. Alishika tochi, alifuta spana, alikwenda kutafuta grisi. Fundi hakumfukuza wala hakumsalimia. Sisi huku chini tulikuwa tukimwangalia kila anaposhuka, naye anatikisa kichwa kwamba bado, anakaa kwenye kigoda chake anaendelea na kazi. Ilituuma. Hata waliokuwa wakimkimbia walianza kumwombea, kila mtu kwa imani yake.

Na lifti yenyewe ikabadilika. Badala ya kuhubiri, akaanza kuuliza: mgonjwa anaendeleaje, mtoto amefaulu, umelalaje. Akauliza na kusikiliza jibu. Mke wa mhasibu mkuu alipolazwa, mhasibu aliingia kwenye lifti asiseme anakokwenda, na Kapteni akampandisha na kumshusha, kimya, mpaka mwenyewe akaomba aombewe. Mimi nilipokosa mtu wa kunishikia simu wakati wa swala ya adhuhuri, Kapteni alikaa kwenye meza yangu akanishikia, tena akanikumbusha nisichelewe. Wapo kati yetu walioacha ulevi kwa sababu yake. Siwataji, wanajijua, na mmoja ana ofisi yenye zulia.

Asubuhi moja simu ya ndani ikalia. Nikaipokea nikiwa tayari kupeleka ujumbe kama kawaida. Fundi akasema, "Dada, mpe kaka simu." Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia, "Kaka yangu. Mpe simu." Nilimwita Kapteni, nikamsogezea simu. Walizungumzia grisi. Grisi tu, na mlango wa ghorofa ya nne. Kapteni aliitikia ndiyo, sawa, nimekuelewa, akaweka simu chini, akalia mbele za watu bila kujificha. Kengele za lifti ziliita kutoka kila ghorofa na hakuna aliyelalamika. Siku hiyo nilifukuzwa kazi ya ukalimani, na sijawahi kufurahia kitu kama kufukuzwa kule.

Baadaye sana ndipo fundi alipomuuliza mwenyewe alichokipata kule kanisani. Kapteni anasema hayo ndiyo yalikuwa mahubiri magumu kuliko yote, kwa sababu maneno yalimkimbia akabaki na habari ya kitabu cha nyimbo kilichoshikwa na watu wawili. Fundi siku hizi huenda naye Jumapili nyingine na nyingine haendi. Anasema bado anafikiria. Kapteni hamsukumi, anasema kusukuma amekoma.

Vitufe vipya vya abiria kujibonyezea wenyewe vilipowekwa na uongozi ukataka kukiondoa kigoda, ni wafanyakazi wenyewe walioomba Kapteni abaki. Tangu aanze kazi hakuna abiria aliyeumia mikononi mwake.

Kapteni, tunakushukuru kwa kutubeba, na kwa kutuvumilia tulipokukimbia. Upumzike vizuri, ule kwa afya, magoti yakupe amani, na Mungu akutunze na wote unaowapenda.

Nilikuwa nimepanga tumalizie hapo, kisha soda. Lakini wiki iliyopita fundi alishuka hadi kwenye meza yangu, akaomba aingizwe kwenye ratiba. Mnamjua, hata kwenye vikao hupiga kura kwa macho. Nilimuuliza atasema nini. Alisema atasimama, aseme huyu ni kaka yangu, kisha akae. Kule makaburini alilikana hilo mbele za watu, na kulirudisha anataka iwe mbele za watu. Ameomba waliokuwepo siku ile waalikwe, na wamekuja. Wamekaa safu ya mbele.

Ndugu wafanyakazi, naomba tunyamaze. Fundi, kipaza sauti hiki hapa.