Abigail wa Nyumba Ishirini na Sita

Tarehe 30 Juni mwaka huu Profesa Abigail Pruitt anastaafu, baada ya kukitumikia chuo hiki miaka thelathini na moja. Wenzake wa idara ya historia walitaka kumuandika wao. Nikawaambia hapana. Nyinyi mnamjua toka asubuhi mpaka saa nane mchana; mimi nnamjua masaa yaliyobaki. Huyu ni mke wa mwanangu Sleyum, na mkaza mwana akishakaa nawe miaka yote hiyo, ni mwana khasa. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, Unguja, lakini mwanangu profesa. Someni.

Abigail kazaliwa Filadelfia, Marekani. Hajatimiza miaka thelathini, alikwishaandika riwaya moja na kitabu kimoja cha historia, vyote viwili juu ya mtaa wa wanawake waliokuwa wakifua nguo za watu. Yeye ni mwanahistoria wa miji, na msidhani ni mambo ya wafalme na vita. Anataka kujua nani alikaa nyumba ipi, mlango ulitazama wapi, nani kagombana na nani kwa ajili ya maji. Yale tunayoyajua sisi wanawake bure, yeye kayasomea mpaka akapewa shahada tatu.

Alipoajiriwa hapa Maskati, mwaka 1994, alipewa mwaka mmoja wa majaribio na kazi moja: aandike kitabu cha kimtaa chetu cha zamani sisi tuliotoka Unguja, nyumba ishirini na sita, kabla hakijavunjwa kupisha barabara na sisi kuhamia Mabela. Bila kitabu hakuna mkataba. Na bila mkataba, Sleyum alikwishasema, watarudi Filadelfia, na mjukuu wangu Sinan, ambaye ndiyo kwanza anaota meno, akakulie huko.

Akaanza kwa bidii. Lakini kila alipopiga hodi alijibiwa kwa adabu na kurejeshwa. Mmoja anaumwa kichwa, mwengine mumewe hayupo, wa tatu mafuta yako motoni. Wiki sita, na daftari jeupe.

Bi Jawaher, jirani yetu ukuta kwa ukuta, ndiye aliyenitolea la moyoni. Tulikuwa tunachagua mchele wa harusi. Akasema bila kuinua uso, "Mkweo katufungia mlango kwa sahani zetu wenyewe."

Nikafahamu papo hapo. Ramadhani iliyotangulia majirani walituletea futari kama ada: vitumbua, kaimati, boko boko. Abigail alipokea kwa furaha, akaziosha sahani zikang'ara, na asubuhi yake akazirejesha tupu, na kikaratasi cha ahsante ndani. Kwao huo ni uungwana. Kwetu sahani hairudi tupu. Ukiirejesha tupu umesema ujirani basi. Nyumba ishirini na tano kaziambia hivyo, na chini yake kaandika ahsante. Kosa langu mimi, niliyekuwa nikimuona akiziosha nikamsifia usafi.

Nilipomwambia hakulia. Alikwenda kuchukua daftari jengine. Kumbe kila sahani aliyoipokea aliichora: hii ya maua buluu, nyumba ya tatu, hii ya bati, imebonyea ukingoni, nyumba ya kumi. Tukanunua sahani mpya ishirini na tano, akatafuta za kufanana na zile kadiri alivyoweza. Nilitaka tupike visheti. Yeye akashikilia mkate wa mahindi wa kwao, wenye sukari na siagi. Tukazipeleka nyumba kwa nyumba na mkate ndani yake, nami moyoni nikisema tumekwisha.

Mnaijua ada yetu. Sahani ikiingia kwako, utairejesha na kitu, na ukiirejesha utakaribishwa ukae. Wiki ile walikuja wote. Mkate ule walisema mzito kama tofali, kisha wakaomba mwengine. Abigail hakuuliza historia. Aliuliza tu zile sahani zao za zamani walizipata wapi. Basi! Ya maua buluu ilitoka Unguja imefichwa ndani ya mto wa usufi. Ya bati ilibonyea siku dari ya nyumba ya kumi ilipoanguka. Kila sahani ikaja na nyumba yake, kila nyumba na watu wake, na Bi Jawaher akachora kichochoro kizima kwa kidole juu ya unga wangu wa maandazi.

Mswada aliukabidhi siku nne kabla ya mwaka kwisha, akapata mkataba. Siku kitabu kilipozinduliwa, watu walikuja kutoka Mabela mabasi mawili, na ule mtaa wetu ulikuwa lami tayari. Bi Jawaher hajui kusoma. Alifungua ile ramani, akaweka kidole, akasema, "Hapa. Hapa ndipo nilipozaa wanangu wote."

Toka hapo kaandika vitabu vyengine vitano. Kimoja ni cha mafundi magari wa mtaa wa Ghala, na kwa ajili yake miezi minane alirudi nyumbani na nguo zenye grisi, nikazifua mimi. Riwaya kaongeza tatu, na moja ilipata tuzo kwao Marekani. Ndani yake mna mama mkwe mkali. Mjukuu wangu Ghadeer alinisomea, nikanuna siku mbili, halafu nikawapigia simu mashoga zangu wote wanunue.

Sasa neno la mwisho. Chuo humpa mwalimu mgeni anayestaafu tiketi ya kurudi kwao. Mwezi uliopita mkuu wa idara, Ustadh Hamoud, alimuita amtajie tarehe ya safari. Mimi nikasikia habari hiyo. Sikumuuliza, niliogopa jibu. Akarudi nyumbani, akavua viatu, akakaa karibu yangu.

"Nimemwambia tiketi nnaitaka," akasema, "lakini aikate inayoanzia Maskati na kuishia Maskati."

Wiki tatu tu, amuone dada yake.

Basi ahsante, mwanangu, kwa niaba ya chuo, ya wanafunzi wako, na ya nyumba zote ishirini na sita. Mola akupe afya na kalamu isiyokauka. Kazi umemaliza kwa heshima. Sasa pumzika, uandike utakalo, na ukichoka kuandika, njoo tuzungumze.