Miaka Saba ya Basit Dobi

Mimi nauza kahawa hapa Ukunda, kwenye kona tuktuk zinapogeuzia, na kama kuna kazi ya kuchosha kuliko kuuza kahawa, ni kuwasikiliza wanaoinywa. Wateja wangu hukalia kitanda cha ufukweni kilichotupwa na hoteli moja ya Diani. Godoro lilikwisha zamani, zimebaki mbao, na mbao zenyewe zimeshika umbo la Karisa. Karisa alikuwa tarishi wa mahakama hadi alipostaafu, basi twamwita Hakimu. Muli ni Mkamba wa kule mashambani Shimba Hills, ana bodaboda, twamwita Kilomita. Wa tatu ni Abdulbasit, Basit Dobi, ambaye amefua na kupiga pasi mashuka ya hoteli tangu mimi sijaoa. Basit huja jioni. Siku hiyo alikuja saa tatu asubuhi, sare yake imenyooka, akakaa, akashusha pumzi kama aliyetua gunia. Nikajua leo kahawa itanyweka na sitacheka.

— Nitilie, Tofiki, — alisema. — Na mnambie. Maisha ya mtu hunoga akiwa na umri gani?

— Kinachonoga ni mchuzi, — nikamjibu.

— Sifanyi mzaha. Ule umri ambao mwili wataka na akili yajua. Ule ambao ukishapita, basi tena.

Kilomita hakungoja.

— Ishirini na tano, mzee. Hapo injini ni mpya. Ukigonga thelathini unaanza kusikia mlio, na hujui unatoka wapi. Mimi niko thelathini na mbili, na goti la kulia linapiga kelele kuliko cheni.

— Ishirini na tano ni utoto, — akasema Hakimu. — Mtu wa ishirini na tano hajui hata chumvi yatiwa lini. Umri wa kunoga ni arubaini na tano. Una akili, na meno bado unayo.

— Wewe ukiwa na arubaini na tano ulikuwa wapi?

— Nilikuwa nabeba mafaili ya watu. Lakini meno nilikuwa nayo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo maana nywele zilipoanza kutoka, nilinyoa zote.

— Ufa na nywele wapi na wapi, Hakimu?

— Methali haiulizwi maswali, Kilomita. Tena nyinyi miaka mwaihesabu vibaya. Mimi nina sitini na sita, sivyo? Theluthi yake nimelala. Mtu aliyelala hazeeki. Haoni, hasemi, hagombani na mkewe. Toa usingizi. Nimebakiwa na arubaini na nne.

— Kwa hivyo utanoga mwakani.

— Inshallah.

— Basi tutoe na foleni ya feri, — akasema Kilomita. — Nilifanya kazi Mombasa miaka sita, feri kwenda, feri kurudi. Wallahi, ukiniondolea Likoni, hata kitambulisho sijafikisha.

— Mkamba nawe waapa wallahi!

— Nimeizoea, mzee. Iko kwa maji ya huku.

— Toeni na miaka niliyokaa nikiwasikiliza nyinyi, — nikasema. — Mimi nitarudi tumboni kwa mama.

Tukacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Basit hakucheka. Alitoa barua mfukoni, akaiweka gotini, akaipapasa mikunjo kwa kiganja, mkono wa dobi huo, haupumziki.

— Hoteli imenistaafisha. Wasema nimefikisha sitini. Wataka niweke sahihi niwarudishie kabla ya saa sita. Ijumaa watanikatia keki.

— Hongera! — akasema Hakimu. — Mimi hata biskuti sikupewa.

— Hakimu, mimi sina sitini.

— Sote husema hivyo.

— Sina. — Akatazama kikombe chake. — Nikuulize. Mtoto aliyekufa ana miaka mitano, yeye alinoga lini?

— Asiyekuwepo na lake halipo, — akasema Hakimu, kwa sauti ile ya kufunga kesi.

— Lake lipo. Ninalo hapa.

Akatoa kitambulisho, akakiweka juu ya barua. Tukainama sote. Abdulbasit, sura yake, alama ya dole lake. Hatukuona kasoro.

— Abdulbasit ni kaka yangu, — alisema. — Alizaliwa hospitali, akapata cheti. Akafa kwa homa kule kwetu Bodo, ana miaka mitano. Mimi nikazaliwa miaka miwili baadaye, nyumbani, sina cheti wala karatasi. Cheti cha kaka mama alikiweka sandukuni chini ya kanga zake. Nilipofika miaka kumi na tano, hoteli zilikuwa zikichukua watu, na zataka kitambulisho. Baba akafungua sanduku. Mama alilia, lakini nyumba ilikuwa na njaa. Nikaingia ofisi ya vitambulisho na miaka kumi na tano, nikatoka na ishirini na mbili.

— Lo! — nikasema. Nilikuwa nimeshika kikombe cha mtu na nimesahau ni cha nani.

— Njiani baba akanambia, kuanzia leo ukisikia Basit, itika. Nimeitika miaka thelathini na minane.

Kilomita akahesabu kwa vidole.

— Kwa hivyo uko hamsini na tatu! Mzee, nenda ofisini uwaambie ukweli. Wakuongeze hiyo saba.

— Niwaambie nini, Muli? Kazi ni ya Abdulbasit. Kiinua mgongo ni cha Abdulbasit. Nikisema mimi siye, basi sijafanya kazi pale hata siku moja. Nikinyamaza, nazeeka leo saa sita.

Hakimu alifungua mdomo, na mimi nikajua anatafuta methali.

— Kwa sheria… — alianza. Miaka yote namjua, sijawahi kumwona akiachia sentensi katikati.

— Wewe wasema ishirini na tano, — Basit akamwambia Kilomita. — Yangu ilipofika, hotelini nilihesabiwa thelathini na mbili. Timu ya vijana ya mpira wakanambia nikae kando, niwashikie nguo. Na wewe, Hakimu, wasema arubaini na tano. Mimi arubaini na tano nilikuwa semina, tukifundishwa kujiandaa na uzee. Kila umri nikifika, nakuta umeshapita. Nimechoka, jamani. Nimechoka, na si kwa kufua.

Tuktuk moja iligeuza, dereva akapiga honi kutusalimu, hatukumwitikia.

— Nani ana kalamu? — akauliza Basit.

Hakimu alikuwa nayo. Tarishi hakosi kalamu. Akaitoa polepole, kama anayetumai itakuwa imekauka.

Hapo ndipo alipofika Mwanamkuu, binti aliyehamia nyumba ya nyuma wiki hiyo pamoja na bibi yake. Alikuwa na chupa ya chai mkononi.

— Shikamooni. Bibi ametamani kahawa.

— Marahaba, mwanangu.

Nikainamisha dele, birika langu la kahawa. Vikatoka vikombe viwili vya mwisho na machicha. Yeye akawa amesimama, anangoja nifunike chupa, na macho yake kwa Basit. Nyumba yao na kona yetu zimetenganishwa na mabati tu, na sauti zetu si za kunong'ona.

— Samahani, baba, — akasema. — Nimesikia bila kutaka. Ikiwa Abdulbasit ni marehemu, wewe waitwa nani?

Tukatazamana. Mimi nimemtilia Basit kahawa zaidi ya miaka ishirini. Hakimu alisimamia posa ya bintiye. Kilomita humbeba nyuma ya pikipiki kila mvua ikinyesha. Hakuna aliyejua, na mbaya zaidi, hata leo hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza. Niliona haya, nasema kweli.

Basit aliipokea kalamu kwa Hakimu.

— Mama ndiye aliyekuwa akiniita, — akasema. — Tukiwa wawili tu, jikoni. Tumemzika mwaka jana. — Kisha akalitamka kwa sauti ndogo. — Shehe.

— Shikamoo, baba Shehe, — akasema Mwanamkuu.

Basit akageuka nyuma kutazama ni nani anayesalimiwa.

Hapakuwa na mtu. Ilimchukua kitambo kuelewa.

— Marahaba, — akajibu.

Binti akaenda na chupa yake. Basit akainama, akaweka sahihi ya kaka yake, herufi zote zimenyooka, akakunja barua na kumrudishia Hakimu kalamu.

— Haya, — akasema. — Abdulbasit amestaafu.

— Na Shehe? — akauliza Kilomita, taratibu. — Shehe ana miaka mingapi?

— Sijui, Muli. Mara ya mwisho nilimwacha ana kumi na tano.

Akanisogezea kikombe nimtilie. Nikainamisha dele, nikalitikisa, hapakutoka kitu.