Mechi Iliyoisha Kabla ya Chai

Gari lilipotoka Kabianga kuelekea Kericho, Dorine aliegemea dirisha apate usingizi, lakini kijana wa chuo aliyekaa kando yake alikuwa na msiba wa kriketi wa kusimulia.

"Mama, Kenya tulipigwa vibaya sana jana," alimwambia jirani wa upande wa pili, Nyabate, mchuma chai ambaye hakuwa amemuuliza kitu. "Mechi ya siku moja, na iliisha kabla ya lanchi!"

"Sasa chai walikunywa saa ngapi?"

"Chai gani?"

"Si huo ndio mchezo wanasimamisha watu wakunywe chai? Supavaiza wetu alituambia."

"Hiyo ni ile ya siku tano, mama."

Nyabate alivitazama vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa majani. "Kwa hivyo hakuna mtu alikunywa."

"Tumeaibika mbele ya dunia, na wewe unauliza chai!"

"Wewe umeaibika. Mimi nimekosa wateja."

Dorine, ambaye mchezo kwake ni mbio tu, hakujua amwonee nani huruma. Gari likasimama steji. Kijana alishuka bila kuaga, na Nyabate akamwita dirishani:

"Na hiyo ya siku tano, wanacheza lini?"