Mwaridi wa Bi Khawla

Alasiri ile, kwenye baraza ya Kikwajuni, Hashil alikaa mwisho kabisa, ubavuni mwa mwaridi aliopanda marehemu mkewe, Bi Khawla, miaka ishirini na mbili nyuma. Kesho kutwa anahamia Amani kwa mwanawe. Nyumba keshaiuza, na moyoni keshaitoa. Mwaridi ndio uliomshinda. Kuuacha hawezi, kuung'oa anaogopa atauua. Harufu yake ikimpitia, humwona Khawla yumo uani anajaza mrashi maji ya waridi, na hata sasa alimwona. Wenzake wawili walimaliza vikombe vya mwanzo vya kahawa, wakamwaga mashapo shinani mwa mwaridi kama kawaida yao ya siku zote, wakaanza kumshauri namna ya kuuhamisha.

— Ukatwe mpaka magotini, alisema Haroub, aitwaye Daktari kwa kuwa zamani aliuza panadoli.

— Magoti ya nani? Yako au ya kuku? aliuliza Khalil. Huyu ni Redio, maana hazimwi.

— Uchimbwe mbali na shina, utoke na udongo wake. Na haraka haraka haina baraka, kwa hivyo tuung'oe leo leo!

— Hujui kitu, yakhe, alidakia Redio. Mwaridi hufunikwa kanga, usione njia. Kule Bwejuu ulihamishwa mmoja uchi uchi, asubuhi umerudi kwao.

— Kwa miguu?

— Kwa mizizi! Wallahi nliuona, vumbi tupu, unahema.

— Basi usomewe jina la mtaa mpya siku saba. Samaki mkunje angali mbichi.

— Ati mbichi! Una miaka ishirini na mbili!

— Basi mkunje pole pole.

Hashil alicheka, na machozi yakamlenga. Alijiona garini, mwaridi uko mapajani umevikwa kanga, na Khawla kashika ncha anamwambia: "Taratibu, Hashil, una miba."

— Shikamooni.

Alikuwa Insiya, binti wa Bahadurali aliyenunua nyumba. Kaja kuulizia ufunguo.

— Marahaba, mwanangu. Tunauhamisha mwaridi, alisema Daktari.

Insiya aliinama, akatazama mashapo meusi yaliyolizunguka shina.

— Na huko Amani, babu, nani ataumwagia kahawa?

Daktari alimtazama Redio. Redio, kwa mara ya kwanza, alizimika. Dele la kahawa lilikuwa tupu; kahawa iliyobaki ni ya kikombe cha Hashil, hajaigusa. Hashil aliimwaga yote shinani, pole pole, kisha akatoa ufunguo mfukoni.

— Chukua, mwanangu. Mwaridi nakuachia. Lakini hapa nilipokaa sikupauza, na kesho kutwa alasiri n'nakuja.