Fundi Kioo na Nta Ambayo Haijafutwa

Ndugu wafiwa, majirani, mafundi wenzake Baba, nanyi mliosimama juani kwa sababu viti havikutosha, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya baba yetu, nami nimeyaandika mara nne tangu Jumamosi na kila mara yamenitoka tofauti, kwa hiyo nitasoma tunayoyajua, na tusiyoyajua nitasema hatuyajui.

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Kioo kwa jinsi rangi zake zilivyong'aa, kwa mujibu wa kitambulisho alizaliwa tarehe 1 Januari 1952, lakini shangazi, dada yake pekee aliyebaki, anasema hiyo ni tarehe ya karani aliyechoka, na kwamba alizaliwa mwaka 1954, wakati wa mavuno, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya babu yetu fundi cherehani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Tumekiacha kitambulisho kibishane na shangazi, na shangazi ameshinda.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967, akaingia chuo cha ufundi Januari 1969 kusomea useremala, akakuta karakana ya useremala imejaa, akaambiwa ajishikize kwa wiki mbili kwenye rangi za magari, na hizo wiki mbili zikazaa miaka thelathini na minane, maana tarehe 3 Machi 1971 aliajiriwa kuwa fundi rangi katika gereji ya mabasi, na hakutoka hapo mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2009.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu wa chekechea, wakajaliwa watoto watatu, kaka mwaka 1979, dada mwaka 1984, na mimi mwaka 1999, wakati ambapo, kama Mama asemavyo, walikuwa wameshagawa nepi zote.

Tarehe 5 Mei 1995 alileta nyumbani gari dogo la buluu lililogongwa ubavu, akalinyoosha na kulipiga rangi mwenyewe uani, na tangu hapo kila Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa na ndoo zake mbili, moja ya povu na moja ya maji safi ya kusuuzia sifongo, akiosha kuanzia paa kushuka, kwa sababu, alisema, uchafu haupandi ngazi, akishalikausha alilikanda kwa udongo laini wa kung'oa chembe zilizoganda, ndipo akapaka nta kidogo kidogo, kwa miduara, kama anayempaka mtoto mafuta, huku jirani yetu fundi baiskeli akipaza sauti juu ya ukuta, "Mzee, bwana harusi leo anaoa wapi?" naye akijibu bila kuinua kichwa, "Kwenu, mkataeni kama mnaweza."

Hapa ndipo maisha yake yanapotuchanganya, kwa sababu kila mtoto alifundishwa kivyake lini nta ifutwe: mwaka 1996 alimwambia kaka aitazame, ikiwa nyeupe kama ukungu juu ya kioo, afute, mwaka 2014 alimwambia dada asihangaike kutazama, anywe chai kikombe kimoja, akimaliza nta iko tayari, nami, nikiwa likizo mwaka 2019, aliushika mkono wangu akapitisha kidole changu juu ya boneti, akasema, "Kikikwama, ngoja, kikiteleza, futa," na kila mmoja wetu aliamini wenzake hawakusikiliza.

Tena tarehe 14 Oktoba 2018, siku ya Jumapili, alirudi kutoka sokoni, akaliegesha gari uani, akasema gari likitoka linachafuka, na halikutoka tena, ila Jumamosi zake hazikukoma. Tukasema uzee umekuja na ubahili wake, na mimi, Mungu anisamehe, niliwachekesha wenzangu chuoni kwamba baba yangu anafuga gari.

Jumamosi iliyopita, tarehe 8 Machi 2025, alipaka nta gari zima, akakaa kwenye kigoda akisubiri, na Mama alipomletea chai saa tatu kasoro robo alimkuta ameegemea ukuta, kitambaa kikavu kimo mkononi, na hospitali wakatuambia ni moyo.

Nta ikabaki juu ya gari, ikakauka kwa jua la Jumapili, ikakauka kwa la Jumatatu, na Mama akasema atamsindikiza mumewe kwa gari hilo na si jingine, basi tukaanza kugombana, kaka akisema Baba ataona aibu barabarani na nta ifutwe, dada akisema miduara ile ni mkono wake wa mwisho na atakayeigusa atamtambua, mimi nikikubaliana na kila aliyemaliza kusema, hata shangazi akafoka kutoka jikoni, "Mnazika mtu au mnaosha gari?"

Jumanne dada alifungua kabati la vitambaa, akakuta chini yake kadi ya kliniki ya macho iliyoanza Oktoba 2018, kaka akaenda kwa daktari wa kliniki hiyo, akarudi na maneno ambayo sijui niyaweke mwaka gani wa historia hii: kwamba Baba alikuwa na presha ya macho kwa miaka mingi, kwamba la kushoto lilikuwa limezimika siku alipoacha kuendesha, na la kulia lilibakiza vivuli tu, na kwamba Baba alimwomba daktari amwachie atuambie mwenyewe; tulipomuuliza Mama kama alijua, alisema, "Mimi niliolewa na fundi, sikuolewa na macho," akaendelea kuchambua mchele, na mpaka sasa hatujui hilo ni ndiyo au hapana.

Jana fundi rangi mwenzake wa gereji alikuja, akaigusa nta, akatueleza kwamba iliyokauka hivi haikwanguliwi, inapakwa mpya juu yake, ya zamani inalainika, kisha zinafutwa pamoja; tukapaka na kufuta sisi watoto watatu kuanzia saa nane mchana, kila mmoja kwa somo lake, na hatukugombana, mpaka tulipofika mlango wa nyuma wa kushoto, upande wa kigoda, alipomalizia Baba, ndipo Mama akasimama mbele ya mlango akasema huo hapana.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari wa macho aliyeitunza siri ya mgonjwa wake, madaktari na wauguzi waliompokea Jumamosi, majirani, hasa fundi baiskeli aliyelala uani kwetu siku zote tano, na mafundi wa gereji waliolifanya gari liwake baada ya miaka sita na ushei.

Tukitoka hapa mtaliona nyuma ya jeneza, limeng'aa kote ila mlango mmoja mweupe, na nyuma ya mlango huo ameketi Mama. Msidhani tumesahau, na tafadhali, atakayekuwa karibu asiufute.

Baba, kazi umeifanya, iliyobaki tuachie sisi, upumzike kwa amani.