Bi Plagi Anaomba Siku Sita

Mgeni wetu rasmi, ambaye ndiye Mwenyekiti wa Baraza la Mji, waheshimiwa wajumbe wa baraza, meneja wa ghala hili jipya la bidhaa zinazoagizwa kwa simu, linalofunguliwa leo, na wafanyakazi wako mliovaa fulana za sare, majirani zetu, na ninyi madereva mliokimbilia kivuli cha hema: pokeeni salamu zetu.

KARIBU MTAANI

Mheshimiwa, tumefurahi kukuona. Kamati ya maandalizi imetupa dakika saba, na ikatuomba risala yenye matumaini. Rasimu yetu ya kwanza ilirudi na mistari myekundu kutoka juu hadi chini, na agizo kwamba sehemu ya changamoto iwe fupi. Tumetii. Changamoto nyingi tumezihamishia kwenye mafanikio, ambako kulikuwa na nafasi ya kutosha.

TULIKOTOKA

Sisi ni wauzaji na mafundi wa chenso, yaani misumeno ya mnyororo, pamoja na mashine za kukata nyasi na za kufyekea. Miaka kumi na tisa iliyopita tulikuwa na maduka kumi na moja: upande wa kulia wa mtaa wote, na kipande cha kushoto. Asubuhi tulipojaribu injini kwa pamoja, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alilazimika kusogeza somo la imla hadi saa nne. Hakuwahi kutushukuru, ila hakuwahi kutushitaki pia.

Duka la kwanza lilifunguliwa na mjomba wa mwenyekiti wetu. Mwenyekiti mwenyewe yuko pale mstari wa nyuma, amevaa gauni la kijani na amekunja uso kwa sababu hapendi kutajwa. Jina lake la kazi ni Bi Plagi. Alianza kwa kufagia vumbi la mbao dukani kwa mjomba, akaishia kulirithi duka, na jina hilo alilipata kwa tabia yake moja. Ukimletea mashine, hakusalimii kwanza. Anachomoa plagi ya injini, ile inayotoa cheche, na kuitazama kwenye mwanga. Ikiwa nyeusi na imelowa, umezidisha oili kwenye petroli. Ikiwa nyeupe, oili umeisahau. Unaweza kuapa kwa wazazi wako wote wawili, yeye anaitazama plagi, anakutazama wewe, halafu ndipo anasema, "Habari za nyumbani?"

Mjomba alimwachia pia kanuni ya kuwasha mara tatu. Hakuna mashine inayotoka dukani kwake, iwe mpya au imetoka matengenezo, mpaka mwenye mashine aivute kamba na kuiwasha mara tatu: ikiwa baridi, ikiwa imepata moto, na tena baada ya Bi Plagi kukagua kila kitu kwa mikono yake. Mwenyewe, si mkewe wala shemeji yake. Tumeona watu wazima wenye suti wakitokwa jasho kwa kamba ile mbele ya watoto wao. Walinuna sana, lakini vidole vyao vyote kumi bado wanavyo, na kadhaa wao wapo hapa leo, mnaweza kuwahesabu.

MAFANIKIO

Tumefanikiwa kupunguza wanachama kutoka kumi na mmoja hadi watatu. Mikutano yetu sasa inaanza kwa wakati, akidi inatimia kwenye benchi moja, na birika moja la chai linatosha na kubaki. Uchaguzi umekuwa wa amani kwa sababu kila mwanachama ana cheo. Mweka hazina wetu sasa anauza vifuniko vya simu, ila ameacha chenso moja dirishani asije akajisahau. Katibu ndiye huyu anayewasomea.

Tumefanikiwa pia kuwa chuo cha bure. Mtu anachagua chenso kwenye simu akiwa kitandani, kesho yake inamfikia ndani ya boksi, na keshokutwa anakuja kwetu kuuliza swichi ya kuzimia iko wapi. Mwezi uliopita mmoja alimletea Bi Plagi msumeno uliokuwa unatoa moshi bila kukata hata kijiti.

"Mama, wameniuzia kopi."

"Si kopi, baba. Umeuvalisha mnyororo kinyume. Meno yanatazama nyuma."

"Mbona aliyeleta hakuniambia?"

"Ulimwuliza?"

"Alipiga honi akaacha boksi getini, mama. Nilimwona mgongo tu."

Bi Plagi aliugeuza mnyororo, akautia oili, akampa kamba aivute mara tatu. Bwana yule aliondoka ameridhika kabisa, akaahidi kuwaambia rafiki zake waagize kulekule alikoagiza yeye, na wakikwama waje kwa mama.

CHANGAMOTO (FUPI, KAMA TULIVYOAGIZWA)

Siku nne zilizopita tarishi wa baraza alimletea Bi Plagi notisi. Duka lake, ambalo ndilo la mwisho lenye karakana, linatakiwa liwe tupu ndani ya siku kumi na nne ili malori ya ghala hili yapate pa kugeuzia. Alikuwa amefungua kabureta. Alifuta mikono, akaisoma karatasi mara mbili, akaiweka chini ya kopo la skrubu isipeperuke, akarudi kwenye kabureta. Jioni tulipokwenda kumpa pole tulimkuta anapanga spana kuanzia ndogo hadi kubwa, na zilikuwa zimeshapangwa.

"Inaniuma, nisiwafiche," alisema. "Ningekuwa nimeharibu kazi ya mtu, ningeelewa."

Tulikaa naye, tukanywa chai, tukaona aibu kwa niaba ya watu wengine.

Changamoto ya pili iko kwenye rafu ya chini dukani kwake, imefunikwa shuka la maua. Ni mashine ya kukata nyasi, rangi yake bado haijapata mkwaruzo. Ililetwa wiki mbili zilizopita kupitia mlango wa uani, saa ya chakula cha mchana, na dereva wa mtu fulani. Wenye ghala watatusahihisha tukikosea, lakini mashine hizi zikisafirishwa ndani ya boksi huja kavu, bila oili kwenye injini, zisije zikavuja njiani. Karatasi inayosema hivyo hulala chini kabisa ya boksi. Sisi tulikuwa tunajaza oili mbele ya mnunuzi. Mwenye mashine hii hakuwa na wa kumjazia. Alitia petroli akavuta kamba, na tunasikia alikata safu tatu na nusu kwa furaha kubwa kabla injini haijakwama.

"Oili iliwekwa, mama," dereva alisema. "Bosi aliweka kwa mkono wake."

Safari hii Bi Plagi hakuigusa hata plagi. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, kikatoka kikavu, kinang'aa, hakijawahi kuonja kitu.

"Niandike jina la nani?"

"Ameniambia nisiseme."

"Na atakayekuja kuichukua?"

"Mimi, mama."

"Kamba uliivuta wewe?"

Dereva alitazama viatu vyake.

"Basi mwambie aje aliyeivuta," alisema Bi Plagi, akamtafutia kiti akamwekea chai.

Mheshimiwa, gari alilokuja nalo dereva yule tunalifahamu. Mtaa mzima unalifahamu, hata kibendera chake kikiwa kimevuliwa. Lakini Bi Plagi alituapisha kwamba mashine ya mteja ni siri ya mteja, na mtu asitajwe. Hatumtaji. Hata macho yetu tunajitahidi kuyaweka kwenye karatasi.

Notisi ilipofika, sisi wawili tulimwendea na wazo tuliloliona la akili sana.

"Mwenyekiti, umemshika pabaya. Iache mashine yake hivyohivyo mpaka atie akili."

Alitukaripia kama watoto waliokutwa kwenye sukari.

"Nilishaipokea," alisema. "Wakilivunja duka, nitaimalizia jikoni kwangu. Lakini sitairudisha mbovu."

Siku hiyohiyo akaagiza silinda na pistoni.

MAOMBI

Tuliandaa maombi tisa. Kamati ikabakisha matatu. Jana Bi Plagi akaomba kuyaona, akayafuta yote matatu kwa ile penseli nene ya kuwekea alama kwenye magogo, akaandika ombi lake moja.

Anaomba siku sita. Notisi inaisha siku kumi kuanzia leo, vipuri alivyoagiza vinafika siku ya kumi na tano kuanzia leo, na kufunga injini ni kazi ya siku moja. Hesabu hiyo hatukuipanga sisi. Anataka siku hizo sita tu afunge injini, ajaze oili mbele ya mwenye mashine, na mwenyewe aiwashe mara tatu kama walivyowasha wengine wote. Baada ya hapo, amesema, funguo atazileta barazani kwa miguu yake.

"Mwenyekiti," tulimwambia, "omba duka."

"Nimeomba ninachokihitaji kumaliza kazi ya mtu. Duka kama linastahili kuombwa, ombeni ninyi. Mimi kujiombea naona haya."

Basi tunaliomba sisi. Haya yanayofuata hayakuwa kwenye nakala aliyoisoma, kwa hiyo mkiona mtu mwenye gauni la kijani anatoka mstari wa nyuma kwa hasira, msishtuke. Mheshimiwa, tunaomba duka la Bi Plagi lisiguswe. Hatuna ugomvi na ghala. Maboksi yataendelea kuja, na mengi yatapitia kwake yakiwa na mnyororo uliovalishwa kinyume. Kama malori yanahitaji pa kugeuzia, upande wa kulia kuna maduka manane matupu yaliyopangana, yalikuwa ya wenzetu. Lori linaweza kugeuka mle likiwa na tela na bado nafasi ikabaki.

Tukiwa kumi na moja hatukuwahi kuliomba baraza kitu. Tulijiona wengi, tukadhani kuonekana kunatosha. Leo tumebaki watatu, na mmoja anauza vifuniko vya simu. Akiondoka Bi Plagi, mji huu utakuwa na mashine nyingi kuliko wakati wowote na hautakuwa na mtu hata mmoja wa kukuambia ukweli kuhusu unavyozitumia. Hilo linatutia hofu, na tunalisema bila mzaha.

TUNAMALIZIA

Dakika zetu saba zimekwisha na mkasi wa utepe unakusubiri. Mwenyezi Mungu akubariki wewe mheshimiwa, aibariki familia yako na bustani yako. Aubariki na mkono wa yule tusiyemtaja, uwe na nguvu za kuvuta kamba mara tatu mbele za watu. Asipate tabu kuzunguka uani. Mlango wa mbele unafunguliwa saa mbili asubuhi, kwa siku kumi zilizobaki.

Ni sisi,
Umoja wa Wauzaji na Mafundi wa Misumeno ya Mnyororo na Mashine za Nyasi.
Wanachama: watatu. Waliohudhuria: wote.